Fungu la Mayo

Nyevu alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli moja ya Nyali, na kwa miaka mingi alikuwa mnene bila kuujali unene wake. Kwao Utange hakuna aliyemsema. Baba yake, Mzee Tsuma, aliyemaliza nguvu zake akichonga mawe machimboni, hata alijivunia kwamba bintiye hakuwahi kukonda kama watoto wa wenzake. Waliishi wawili tu. Mama alikuwa amefariki, mume wa Nyevu alikwenda zake zamani, na mtoto hawakujaliwa.

Kilichomsumbua ni magoti. Kazini alisimama kutwa juu ya saruji, na wakati wa kutoka alipanda ngazi za nyuma ya hoteli akishikilia ukuta. Zahanati walimpa dawa ya maumivu, wakamwambia apunguze uzito. Namna ya kuupunguza hawakumwambia. Hiyo aliipata kwa Pascalia, mwenzake wa upande wa pasi, ambaye alikuwa amepungua mpaka sare yake ikabanwa upya. Pascalia alimweleza kwamba siri yote ni saa za kula. Ukishakula mchana, usitie kitu kinywani mpaka mchana wa kesho yake, ila maji na chai ya rangi isiyo na sukari. Bila mfungo huo, alisema, mtu atajinyima bure tu. Nyevu akaamini, kwani ushahidi ulikuwa umesimama mbele yake umeshika pasi.

Wakati huo akili za Mzee Tsuma zilikuwa zimeanza kumtoka. Alisahau majina ya watu, na siku nyingine alimdhania Nyevu kuwa ni mama aliyemzaa yeye mzee, kwa kuwa Nyevu alipewa jina la bibi huyo. Siku hizo alimwita mayo, kama Wagiriama wanavyomwita mama, naye Nyevu aliitika tu. Mchana jirani yao Mercyline alimpelekea mzee uji. Chakula chake hasa kilikuwa cha jioni, baba na binti kwenye sinia moja, sima na mchicha wa nazi, au kipande cha papa siku ya mshahara.

Mfungo ulipoanza, sinia ikawa ya mtu mmoja. Nyevu alipika, akampakulia baba yake, kisha akatoka kwenda kuketi barazani ili asisikie harufu ya mchuzi. Siku ya kwanza mzee alimuuliza mbona hali. Nyevu akamjibu kwamba ameshiba, amekula kazini. Kesho yake akauliza tena, maana alikuwa amesahau, na jibu likawa lilelile. Baadaye akaacha kuuliza. Sinia ilirudi tupu kila jioni, na Nyevu akaona mambo yamekaa sawa.

Uzito ulishuka kweli. Sketi zikaanza kumlegea, ngazi akazipanda bila kushika ukuta, na Pascalia akawaita wenzao waje kumwona. Nyumbani Nyevu hakuona kwamba baba yake naye anapungua. Mzee alikuwa mtu wa kikoi na shati pana, na mtu unayeshinda naye huoni anavyokwisha. Aliyeona ni Mercyline. Alimwambia Nyevu mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi mzee amekuwa mwepesi. Akimwinua kitini ni kama anainua mtoto.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Nyevu aliingia kufagia chumba cha baba yake akaona sisimizi wamejipanga ukutani. Akawafuata mpaka chini ya kitanda. Kulikuwa na mabakuli, yamefunikwa vizuri kwa visahani. Akafunua moja moja. Ndani mlikuwa na sima, nyingine imekauka, nyingine imeota ukungu, na mboga iliyogeuka nyeusi.

"Baba, hivi ni vitu gani?"

Mzee Tsuma aliyatazama yale mabakuli kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Ni fungu la mayo. Hajala. Akirudi atakula."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakulaje, na yeye hajala?"

Nyevu aliketi sakafuni pale pale. Jioni hiyo alipika, wakala pamoja. Mzee alimtazama akimeza kwanza, ndipo naye akamega. Alikula kidogo, akakohoa, akala tena.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini akampeleka zahanati. Muuguzi, Sista Kaviha, alimpima mzee uzito, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Ni kichomi, alisema, na mwili umebaki bila akiba ya kupambana nacho. Nyevu akamsimulia yote, ya magoti, ya Pascalia, ya mabakuli. Kaviha hakumkaripia. Alimweleza kwamba mfungo ni njia mojawapo tu. Unawafaa wengine kwa sababu wakifunga huishia kula kidogo kwa jumla, lakini mtu anayepunguza sima, sukari na mafuta, akala kwa nyakati zake za kawaida, naye hupungua.

"Kwa hivyo haikuwa lazima," Nyevu alisema.

"Haikuwa lazima. Ungekula naye jioni, kiasi kidogo, na bado ungepungua."

Alisema hayo kwa upole, akidhani anamfariji.

Dawa walipewa, na kwa siku chache mzee alionekana kuinuka. Wakala pamoja kila jioni, Nyevu akichukua tonge ndogo na kuitafuna polepole ili baba yake asiache kula mapema. Kisha kifua kikabana. Akalazwa hospitalini, na asubuhi moja, Nyevu akiwa langoni na chupa ya uji akisubiri saa ya kuwaona wagonjwa, Mzee Tsuma akafariki. Daktari alimwambia kwamba kwa umri ule, kichomi kingeweza kumchukua hata angekuwa na mwili. Nyevu alimshukuru. Huenda ilikuwa kweli. Hakuna njia ya kujua, na hilo ndilo lililomkalia moyoni.

Walimzika kwa wazee wake, Ganze. Baada ya mazishi shangazi yake, dada wa marehemu, alimvuta kando akamtazama toka juu hadi chini.

"Umepungua, mwanangu, na umependeza. Umefanyaje?"

"Nilifunga, shangazi."

Shangazi akafikiri ni mfungo wa maombi. Akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba Mungu huuona mfungo wa mtoto kwa ajili ya mzazi wake. Nyevu hakumsahihisha. Wanawake walikuwa wameanza kupakua, wakamwita. Akaenda akaketi nao jamvini, akanawa, akala alichopewa.