Sahani ya Kwanza ya Ndiga

Juzi mjini Masasi nilimwona binti akimrekodi mama yake kwa redio kaseti, akimuuliza namna ya kuloweka ndiga, kile kiazi cha porini. Nikakumbuka mchana mmoja wa njaa kule Makote.

Mzungu alikuja na mashine ya kunasa sauti, pamoja na mwalimu wa kumtafsiria. Magurudumu mawili ya mashine yalizunguka taratibu, na chungu cha ndiga kilitoa harufu chachu. Bibi yetu alikuwa na desturi iliyotuudhi: alikula kwanza, peke yake, nasi tukangoja mpaka jua lishuke. Niliamini ni uroho.

"Leo sanduku litamsikia mlafi," dada yangu alininong'oneza.

Bibi alieleza kumenya, kukata na kuloweka. Mwalimu akauliza, "Sasa Bibi, unajuaje kwamba sumu imekwisha?"

"Mtu anakula."

"Mtu yupi?"

"Mimi, mwalimu. Nimeshazeeka. Jua likishuka sijaona kizunguzungu, nawaita watoto."

Wageni walishukuru wakaondoka. Leo najua kwamba sumu ile inaweza kupimwa maabara. Siku ile nilichojua ni kwamba Bibi alikuwa akivuta sahani yake kama kawaida.

Alikula bila haraka, akanawa, akaegemea nguzo ya baraza na kufumba macho. Nikamsogelea, nikamwita.

"Njaa gani hiyo?" alinikaripia. "Ngoja!"

Nikakaa. Baada ya muda mfupi nikamwita tena.