Tulipokagua Vyombo vya Fundi Munyasa

Musomaji, unisamehe. Mwandiko wangu unalala upande kama majani yaliyopigwa na mvua, na herufi nyingine nitazikosea. Nilisoma miaka mitano tu kwa mapadri, na ukurasa mumoja unanichukua asubuhi nzima. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu mwaka jana, na kwa mudomo siwezi kulisema, maana mbele ya watu ninakauka.

Mujomba wangu ni karani hapa Bukavu, na ni prezida wa kundi la Waafrika wenye karte. Karte hiyo inatolewa na Leta, ndiyo serikali ya Wabelgiji, kwa mutu aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Kabla ya kuipata, wazungu wanakuja nyumbani kwako. Wanaangalia kitanda, choo, vyombo vya chakula, na kama bibi anakaa mezani pamoja na bwana. Mujomba alikaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya kuku waliolala jikoni, na bibi yake alinisimulia kwamba siku ile mujomba alilia.

Mwaka jana habari zilifika kwamba Waingereza wamewafunga watu wengi kule Nyasaland, kwa sababu walidai kupiga kura na kujichagulia viongozi. Kundi likaamua kufanya mukutano mukubwa wa kuwaunga mukono, na kuwatumia barua. Leta ilikubali bila matata: kosa lilikuwa la Waingereza, si la Wabelgiji. Sekretari wa kundi alikuwa amehamishwa Kalehe, basi mujomba akanichukua mimi.

"Huyu haongei," aliwaambia wenzake. "Mambo yetu yatakaa ndani."

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Niliandika barua za mwaliko arobaini, moja moja. Nilizipeleka kwa baisikeli kwa walimu wa Mudaka na Kavumu, nikarudi na matope mpaka kiunoni. Niliomba mabenchi ya shule. Niliamini kweli kwamba tunawasaidia watu waliofungwa.

Katika mutaa wa Kadutu alikaa fundi cherehani mumoja, Munyasa, ndiyo mutu wa Nyasaland, aliyeoa dada wa kwetu Kabare. Kaka yake mukubwa alikuwa kati ya waliofungwa. Alikuja kwa mujomba na karatasi yenye majina kumi na moja, ya kaka yake na ya wenzake wa kijiji kimoja.

"Bwana Prezida," alisema, "ninaomba dakika tano tu. Nisome majina haya mbele ya watu, halafu muyaandike katika barua. Kule wanasema hakuna aliyefungwa ila wahuni. Kama majina yametajwa hapa, mutu hawezi kupotea kimya kimya."

Mujomba alimushika mukono, akamwambia ni vizuri sana. Lakini sheria ya kundi inasema, anayesimama kuhutubia lazima awe na karte. Fundi hakuwa nayo, kwa kuwa ni mugeni. Basi mujomba akapata akili moja: wamukague wao wenyewe, kama Leta inavyofanya. Akiwa safi, atasema.

Tulikwenda Jumamosi, watu watatu: mujomba, makamu wake ambaye ni muganga musaidizi wa hospitali, na mimi na daftari langu. Makamu alifungua mulango wa choo, akaufunga upesi. Akaingia jikoni, akafunua chungu cha sombe, yale majani ya muhogo, akaweka kitambaa puani.

"Papa, uma ziko wapi?" alimwuliza fundi.

"Uma za nini?" fundi alijibu. "Nyama iko?"

Bibi yake akacheka. Makamu hakucheka.

"Munakula mezani?"

"Meza ni ya cherehani. Tukila pale, nguo za watu zitanuka sombe. Hata suruali yako ile, muganga, ingenuka."

"Andika," mujomba aliniambia. "Uma, hakuna. Visu, kimoja. Meza ya chakula, hakuna."

Nikaandika. Bibi alituwekea sahani ya karanga za kukaanga. Makamu alikaa kitako akazila zote, akizisugua kiganjani na kupuliza maganda juu ya kitambaa cheupe ambacho fundi alikuwa anakishona. Alikuwa anauliza habari za uma, na vidole vyake vinang'aa chumvi. Nilimwangalia mudomo. Mpaka leo siwezi kula karanga karibu na mutu.

Njiani kurudi walikata shauri: hafai.

"Muzungu wa Leta atakaa mbele," mujomba alisema. "Atatuonaje tukimusimamisha mutu asiye na uma? Nitasema mimi kwa ajili yake."

"Tonton," nilimwambia mujomba, "lakini kaka ni wake."

"Umesema nini?"

"Hapana kitu."

Siku ya mukutano sale, ndiyo ukumbi, ilijaa. Wenye karte walikaa mbele juu ya viti vya kuegemea, wengine nyuma juu ya mabenchi niliyoyabeba mwenyewe. Mafuta ya nywele yalinuka mpaka nikaona kizunguzungu. Fundi alikuja na koti jipya, karatasi mukononi. Nadhani hakuna aliyemwambia kwamba amekataliwa. Mimi nilipaswa kumwambia, nikaona haya, nikapita pembeni.

Mujomba alihutubia kwa Kifaransa zaidi ya saa nzima, na nyuma wachache tu walielewa. Alisema kila mutu ana haki ya kusikilizwa. Alipofika pale, fundi aliinua mukono.

"Papa, kaa chini!" makamu alimwita. "Programu imejaa."

Aliinua tena. Mutu mumoja wa mbele akageuka: "Mwacheni, anatafuta uma yake!" Viti vya mbele vyote vikacheka, kwa sababu habari ilikuwa imetembea katika muji. Mabenchi nayo yakacheka, hata wale ambao wenyewe hawana uma. Na mimi, musomaji, nilikuwa na kalamu mukononi, meza moja na prezida. Ningesimama tu na kusema neno moja. Nilitazama karatasi yangu. Halafu wakafungua chupa za bia kwa viti vya mbele, na mukutano ukaisha.

Jumatatu nilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya mujomba, ninaandika barua upya kwa usafi. Ilikuwa na majina ya wakubwa nane wa kundi, kila mumoja na cheo chake. Fundi akaja.

"Majina yetu yameingia?"

"Hapana, papa."

"Hata la kaka yangu?"

"Hata lake."

Hakukasirika. Alisimama tu akaangalia mwandiko wangu, halafu akasema: "Vyombo vya bibi yangu uliviandika vyote, kijana. Sikukuona ukisita." Akaweka karatasi yake juu ya meza akaenda. Mwezi uliofuata alihama na bibi yake, watu wanasema Uvira.

Wanaponisifu kwa mukutano ule ninajisikia kama nimekula kitu kilichooza. Mujomba bado ni mujomba wangu, ninakula kwake. Lakini akishika uma, ninaangalia upande mwingine.

Karatasi ya fundi ninayo. Barua ya kundi ilikwenda bila majina, na jibu halijafika. Basi ninaomba: wewe unayesoma, kama unamujua mutu wa Nyasaland, au padri, au dereva anayepita upande ule, uniandikie. Nitakutumia majina yote kumi na moja. Naandika polepole, lakini nitayaandika yote, na la kaka yake nitaliweka mbele. Na kama uko Uvira na umemwona fundi huyo, uniandikie pia, hata kama hataki kusikia habari zangu.