Dumu la Lubisi Ukweni Rubafu

Aibu niliyoipata ukweni Rubafu siifichi tena, maana mke wangu anamsimulia kila mgeni, afadhali niiseme mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa jiografia Kahororo, vita vimekwisha, ugonjwa ndio umeingia (kila wiki mnazika mtu), na baba wa mchumba wangu alikuwa ameshamzika mkwe mmoja, kwa hiyo mposaji alichunguzwa kama ng'ombe wa kununua.

Siku ya kupeleka lubisi, pombe yetu ya ndizi, mama akanipa kibuyu kilichozibwa kwa majani. Mimi nikaona mwalimu mzima kubeba kibuyu kwenye baiskeli ni ushamba, nikaimimina kwenye dumu jipya la plastiki, nikakaza kifuniko mpaka mkono ukauma, nikaondoka zangu, jua linawaka, barabara mashimo matupu.

Tukakaa sebuleni, mimi na mshenga, dumu katikati, mzee na kanzu yake nyeupe. Akauliza, "Mwalimu, marehemu kaka yako aliumwa nini?"

Nikisema kweli, mchumba sina. Nikajifanya sikusikia, nikaanza kumweleza kazi yangu (we acha tu!), kwamba chini kabisa ya ardhi mwamba una joto la kuyeyuka lakini hauyeyuki, kwa sababu uzito wa juu unaubana, na kwenye sayari kubwa kuliko yetu unabanwa zaidi, ila ukipunguziwa ule mbano unayeyuka, hewa iliyofungiwa ndani inatoka povu, ndipo mlima unatapika.

"Mlima unatapika," mzee akasema. "Haya, fungua pombe."

Nikafungua. Kifuniko kikaruka mpaka darini, lubisi nayo nyuma yake, ikamwogesha mzee kanzu, ndevu, miwani. Mama wee! Mshenga akajificha nyuma ya kiti. Nami, sijui kwa nini, nikapiga magoti kwenye povu nikapayuka, "Ni ukimwi, baba! Kaka alikufa kwa ukimwi, nisamehe!"

Jikoni wakaacha kutwanga. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu ambalo nalo limelowa chapa.

"Kaka yako nilikuwepo kumzika," akasema. "Nilitaka nikusikie wewe. Mke umepata. Ila huo mlima wako, mwalimu, ungetuambia umeubeba."

Tangu siku hiyo lubisi nabeba kwa kibuyu, inanilowesha suruali njia nzima, na nikiulizwa marehemu aliumwa nini, nasema.