Nakala Safi ya Gerald Hrivnak

Jumatano ndiyo siku ambayo vitabu vipya vya katuni hushushwa madukani, na kwa Gerald Hrivnak hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yake. Kanisani alikwenda kwa kusukumwa. Dukani kwa Lonnie Pruitt, kule mteremkoni kilipokuwa kiwanda cha chuma, alifika kabla mlango haujafunguliwa, ndevu amenyoa, mikono ameisugua kwa sabuni hadi imepauka. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza lifti, kazi ya grisi mpaka kwenye kope, na pengine ndiyo maana hadi anastaafu hakuna kitu alichokichukia kama alama ya kidole juu ya karatasi.

Alikuwa shabiki wa Kengele. Asiyemjua Kengele hakukulia mji huu. Ni yule shujaa mwenye mwili wa shaba, ambaye hujigonga kifuani akaangusha kuta kwa mlio wake, na kila anapojigonga masikio yake hufa kidogo. Kwa miaka na miaka watu wa mteremkoni, ambao baba zao walirudi kutoka kiwandani hawasikii hata mlango ukibishwa, walimwona ni wa kwao. Sasa Jumatano ile waandishi wapya walikuwa wamemrudishia masikio yote mawili, mazima, kana kwamba hayakuwahi kuuma.

"Wamemharibu," Gerald alisema, akilisukuma toleo jipya juu ya kaunta. "Nguvu isiyo na gharama ni ubabe tu. Sasa atajigonga asubuhi na jioni, atapoteza nini?"

"Vijana wanataka awe na raha kidogo, mzee," Lonnie akamjibu. Lonnie ndiye mwenye duka, mtu mnene, mpole, asiyegombana na mteja.

"Wakitaka raha wanunue puto."

Waliokuwamo wakacheka, maana Gerald akianza hakuna anayetaka kuondoka. Alikuwa na lake kwa kila jambo. Shujaa akifa abaki kaburini, watu walishamlilia. Mchoraji anayeficha miguu ya watu ndani ya moshi hajui kuchora miguu, na asilipwe. Na anayengoja hadithi zote zikusanywe kwenye kitabu kimoja kinene ni mvivu. Aje Jumatano kama wenzake. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo Gerald alivyowaambia waliochelewa wakakuta toleo limekwisha, na aliwaambia kwa furaha ambayo haikuwa ya Kikristo.

Lakini katika rai zake zote iko moja iliyomponza: kwamba katuni hupendwa kwa kutunzwa. Ghorofani kwake palikuwa na chumba kizima cha maboksi, kila katuni ndani ya mfuko wake wa plastiki na kadi ngumu mgongoni. Toleo la kwanza la Kengele, alilonunuliwa na baba yake akiwa mtoto, alikuwa amelifungua mara moja tu maishani. Dada yake Bernadette alikiita chumba kile mochwari.

"Umewapanga vizuri marehemu wako," alikuwa akisema kila akipanda. "Naona hakuna anayelalamika."

Bernadette ndiye ndugu pekee aliyembakia. Alikuwa mwokaji mikate, naye amestaafu, na aliishi mtaa wa pili katika nyumba ileile ya wazazi, na meza ileile ya jikoni. Yeye pia alikuwa na toleo lile la kwanza. Mzee Andrej, baba yao, alinunua nakala mbili siku moja ili watoto wasing'oane nywele. Ya Gerald ikabaki safi. Ya Bernadette ilisomwa ikalainika kama kitambaa cha vyombo, ikakunjwa, ikachorwachorwa kwa penseli kila palipokuwa na nafasi nyeupe.

Masika yale mvua ilijaza maji chumba cha chini cha nyumba ya Bernadette. Akaokoa vitu alivyoweza kuviokoa, akamletea kaka yake boksi moja la vitu vya zamani, na juu kabisa ndani ya bahasha ilikuwa ile katuni.

"Nitunzie," alimwambia. "Vizuri lakini, Gerald. Hii sitaki ipotee."

Neno lile lilimwingia Gerald. Nitunzie! Miaka yote amemcheka kwa utunzaji wake, leo amekuja kuuomba mlangoni. Siku ya kuzaliwa ya Bernadette ilikuwa mwisho wa kiangazi, na Gerald akaona hapo ndipo atakapompata. Alitaka mara moja tu maishani dada yake ampe asante isiyo na kijembe mkiani. Si kitu kikubwa, lakini alikitaka sana, na mtu mzima anayetaka kitu kidogo kwa moyo wote ni wa kuonewa huruma.

Akaipeleka kwa Lonnie. Lonnie alimjua mwanamke mmoja wa mji jirani, bingwa wa kusafisha katuni: hufuta madoa, hunyoosha mikunjo kwa mashine ya moto, na ikitoka kwake hupelekwa kwa watoa alama, wanaopima ubora wake kati ya moja na kumi, nao huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka, alama yake juu. Lonnie aliifunua kwa ncha za vidole.

"Humu mna penseli nyingi, mzee. Kila ukurasa. Akisafisha huyu mama, itaondoka yote."

"Iondoke."

"Umeyasoma lakini? Maana naona kama miandiko ni miwili..."

"Mtoto wa miaka tisa alikuwa anachafua kitabu, nikasome nini hapo?" Gerald alisema, na papo hapo akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa akisema pembeni kwamba Kengele mwenye masikio anapendeza zaidi. "Wewe! Hebu rudia hilo neno nilisikie vizuri."

Lonnie akaandika kwenye karatasi: futa.

Siku ya kuzaliwa walikaa jikoni kwa Bernadette, wao wawili, na tambi za kabichi zilizokaangwa kwa siagi kama alivyopika mama yao. Gerald hakula sana. Mara tu sahani zilipoondoka akaweka mezani kifurushi alichokifunga mwenyewe, pembe zote zimekaa sawa.

Bernadette akakifungua. Akalitazama lile kasha. Kengele alikuwa anang'aa jalada zima, shaba yake nyekundu kama siku ilipochapwa.

"Umenipa ya kwako?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Gerald, wewe huyu?"

"Ni yako hiyo! Huitambui, eh? Nane na nusu, Bernie. Ilikuwa haifiki hata mbili. Madoa yametoka, mikunjo, ile penseli yote—"

"Penseli."

"Yote. Huwezi kujua kama iliwahi kuwepo."

Bernadette hakupiga kelele. Alilishika kasha akaligeuza, akaligeuza tena, akatafuta pa kulifungulia, asipaone. "Fungua," alisema.

"Ukifungua alama inakufa, wanaita—"

"Fungua, Gerald."

Alichukua bisibisi kwenye droo. Plastiki ilipasuka kwa mlio ambao wiki moja nyuma ungemtia homa. Dada yake akazipeleka kurasa dirishani, akaziinamisha kwenye mwanga huku na huku, akitafuta hata mkwaruzo. Yule mama wa mji jirani aliijua kazi yake. Karatasi ilikuwa imelala, nyeupe, haina neno.

"Yalikuwa ya baba," Bernadette alisema.

Gerald hakuelewa.

"Masikio yalipomwisha, mimi nilikuwa na sauti ndogo, hata nikipiga kelele hanisikii. Wewe ulikuwa unamwonyesha kwa mikono. Mimi na yeye tuliongea humu. Akitoka kiwandani tunasoma wote, mimi naandika pembeni, na yeye ananijibu. Ulidhani alikuwa anafanya nini na ile penseli kila jioni?"

"Nilidhani anapiga hesabu za nyumba."

"Juu ya katuni?"

Gerald alikumbuka Lonnie alimwambia kitu kuhusu miandiko, na kwamba yeye aligeuka kwenda kubishana, na aibu ikampanda mpaka macho yakamwuma.

"Nilikwambia nitunzie," Bernadette alisema. Sasa machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Umetunza nini, Gerald? Niambie umetunza nini."

Gerald aliinuka, akatoka bila koti. Bernadette alidhani amekimbia, na haikuwa dhana mbaya, maana Gerald alikuwa na historia ya kukimbia machozi ya watu. Lakini alirudi, anahema, na mkononi alikuwa na nakala yake, ile safi, bila mfuko, bila kadi, kidole gumba chake kimebana jalada na jasho lake lote. Akaiweka mezani na penseli ya seremala aliyoitoa mfukoni.

"Picha ni zilezile," alisema. "Unayoyakumbuka, yaandike humu."

"Utakufa ukiona."

"Andika tu, Bernie."

Bernadette akaketi. Akafungua polepole, mgongo wa katuni ukalia. Pale Kengele alipokuwa amelizuia daraja lisianguke, damu ikimtoka sikioni, Bernadette akaandika kwa herufi kubwa za kitoto: *Inauma?* Halafu chini yake, kwa mwandiko wa kulala ambao Gerald aliutambua mara moja kutoka kwenye vikaratasi vya baba yao vya orodha za manunuzi, akaandika: *Si sana. Sauti yako bado naikumbuka.*

"Hilo nalijua kwa moyo," alisema.

Akageuza ukurasa. Kengele alikuwa amesimama peke yake juu ya daraja, na watu wote chini wamefumbua midomo, bila neno lolote lililochapwa. Penseli ikasimama hewani. Ikashuka kidogo, ikapanda tena.

"Hapa tulijaza pande zote nne," Bernadette alisema. "Tulicheka sana hapa, mpaka mama akaja kutazama. Wewe ulikuwepo jikoni humu humu, nakumbuka mgongo wako." Akainua macho. "Hebu nisaidie. Tulikuwa tunacheka nini?"

Gerald aliangalia ukurasa, akaangalia kiti cha baba yake, kisha sinki iliyokuwa nyuma ya kiti hicho.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nanawa mikono."