Betri ya Mwanangu Haiingizi Chaji

Ukichomeka ile chaja ukutani, taa yake inawaka kijani, sawa. Ukiiunganisha na betri inatakiwa igeuke nyekundu, ikae hivyo muda mrefu, halafu irudi kijani, ndiyo ujue betri imejaa. Hii yetu haikugeuka. Kijani mwanzo, kijani mwisho. Na betri haikuwa imejaa, maana gari lenyewe ukiliwasha lilitikisa tairi za mbele mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha kimya.

Gari ninalolisema ni dogo, la kuongozwa kwa rimoti, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Lakini si la mtoto. Mwanangu alikuwa mtu mzima, ana mke, ana ndevu, na kila Jumapili alikwenda kwenye uwanja mmoja Chumbageni akashindana na watu wazima wenzake, wengine wana vitambi. Siku za kazi alilijaribu jioni hapa uani kwetu Mabawa, likizunguka karo ya kufulia na kupita chini ya kamba za nguo, likilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mke wake aligomba. Alisema linamuumiza kichwa, na linammwagia vumbi kwenye mchele.

Mwanangu alikufa kwa homa, haraka. Sitaandika zaidi ya hapo, si kwa kuficha, ila sina zaidi. Niliingia kaburini mwenyewe nikampokea, na watu wakasema mzee yule ana subira. Haikuwa subira. Mguu ukiukalia vibaya unakufa ganzi, unaushika unauona ni wako lakini hauleti habari yoyote. Basi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula nilichopewa. Nilisalimiana na watu. Nilikwenda msikitini nikarudi, na nikiulizwa imamu alisoma sura gani sijui.

Mkamwana wangu akakaa eda hapa hapa nyumbani, na dada yangu mkubwa akaja kutoka Pangani kumwangalia. Mwenye eda hatoki nje, na wanaume wanaoweza kumwoa hawamwoni. Mimi baba mkwe sina kizuizi, dada yangu ndiye mlinzi, na dada yangu kwa ulinzi hana mpinzani, hata paka dume alimfukuza.

Ilipofika hitma ya arobaini tukagawa vitu vya marehemu kama kawaida. Mashati, viatu, baiskeli, saa. Watu wakapokea, wakamwombea, wakaondoka navyo. Mkamwana alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, pazia limemfunika nusu, anatazama vitu vinavyotoka. Binamu mmoja aliponyoosha mkono kwenye lile gari, mkono wa mkamwana ukatoka nyuma ya pazia, ukalivuta gari ndani pamoja na betri yake na rimoti.

"Hili halitoki," alisema.

Likaenda chini ya kitanda, likakaa huko.

Sasa eda ikawa inakaribia kwisha, na kaka zake wakaleta habari kutoka Maramba kwamba watakuja kumchukua arudi kwao. Ni haki yake, hawakupata mtoto, na hapa angebaki na nani, na mimi na kikohozi changu. Ndipo akaniita.

"Baba, nataka nilisikie likilia pale uani kabla sijaondoka. Mara moja tu."

Tangu mazishi hakuwa ameniomba kitu. Hata chumvi. Nikamwambia taib, nitalitengeneza, na nilisema hivyo kwa sababu betri nazijua.

Nazijua kweli. Miaka ile umeme haujafika kule vijijini nilikuwa na kibanda Maramba hapo hapo, na jenereta, nikichajia watu betri za malori. Walizifunga nyuma ya baiskeli kutoka mashambani, kwa ajili ya redio, baadaye na televisheni za kuangalia mpira. Asidi ilinila suruali zote. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia watu wataniona nimekuja posani na suruali ya wavu, nami namwambia posa imeshakwisha, wewe upo. Shule nilifika darasa la tatu, lakini ncha chanya na ncha hasi hazikunidanganya. Kisha nguzo za umeme zikaja na kibanda kikafa, ndiyo nikahamia huku mjini. Sijui kwa nini nimeyaleta haya. Labda kuonyesha kwamba nilijiamini.

Nikaanza kama tulivyokuwa tukianza na betri za malori. Nikatazama plagi. Waya mbili zinatoka kwenye betri, nyekundu na nyeusi, zinaingia kwenye kijumba cha plastiki nyeupe chenye matundu mawili, na ndani ya kila tundu kuna pini ya shaba. Ile ya chaja nayo ina zake, zinaingiana, inakaza. Za betri zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Hewa yetu hii ya bahari, kitu cha shaba hakikai. Nikakwangua kwa ncha ya kisu na karatasi ya msasa niliyoikunja nyembamba, nikapaka mafuta ya mgando kidogo, nikaunganisha. Kijani.

Basi nikapima betri. Nikachukua balbu ya indiketa ya pikipiki yenye waya mbili, nikachomeka zile waya kwenye matundu ya plagi ya betri, nikasukuma mpaka mwisho. Balbu ikawaka, hafifu, kama jicho la mtu anayesinzia, lakini ikawaka. Betri ni nzima, ina njaa tu. Nikasema basi ni chaja.

Nikamwita rafiki wa marehemu, wa kule uwanjani Chumbageni. Huyu ni Msambaa, Mlutheri, baba yake aliteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge na hakupanda tena. Anauza vigae, na ana sauti ya kuuzia vigae. Alikuja na kipimo chake cha umeme, akakaa barazani, kwa sababu nilishamweleza habari ya eda na dada yangu alishasimama kwenye korido. Aliniuliza kwa kunong'ona kama kukohoa kunaruhusiwa. Nikamwambia kohoa.

Nikamtolea chaja. Akaipima pale kwenye soketi ya barazani. Nzima, akasema, inatoa umeme kama kawaida, basi ni betri. Nikamwambia betri imewasha balbu. Akasema iletwe aione. Nikaingia ndani kuiomba.

Mkamwana alikuwa akishona kofia, kazi aliyokuwa akiifanya tangu mwanzo wa eda, tundu kwa tundu. Hakuinua uso.

"Betri ni sehemu ya gari," alisema. "Ile baiskeli mliyoigawa inapita hapa nyuma kila asubuhi. Naijua kengele yake. Kilichotoka kimetoka, baba."

Nikarudi barazani nikamwambia haitoki. Msambaa akafikiri, akasema basi apigiwe picha ya ile plagi. Simu yangu ni kitochi, haina macho. Akataka kunipa yake niingie nayo. Dada yangu aliyasikia hayo.

"Picha ya chumba cha mwenye eda, kwenye simu ya mwanamume? Halafu ikazunguke mjini na vigae?"

Msambaa akairudisha simu mfukoni.

Basi tukafanya hivyo kwa siku kadhaa. Akifunga duka anapita, nakwenda ndani nachomeka balbu, inawaka, natoka nasema betri nzima. Yeye anapima chaja barazani, anasema chaja nzima. Akaja na chaja yake mwenyewe, lakini mdomo wake ni wa namna nyingine, haukuingia. Chaja nzima huku, betri nzima kule, nikiviweka pamoja ndani taa inakaa kijani. Nilianza kwenda na kurudi kwenye korido bila kukumbuka ninapeleka nini. Dada yangu akasema mtu mzima mwenye mvi anahangaika na gari la kuchezea wakati paa la jiko linavuja. Alisema kweli. Lakini paa hakuna aliyeniomba.

Ukafika mchana wa mwisho. Kaka zake walikuwa wanakuja kesho yake, na mabegi yalikwishafungwa, yamepangwa ukutani. Mkamwana hakuuliza kitu. Hilo la kutouliza nililiona, na nilijua kwamba kwa mtu mwingine lingeuma.

Msambaa akaja mapema siku hiyo, amefunga duka makusudi. Akakaa, akazungusha kipimo mkononi, kisha akauliza jambo ambalo hakuwa ameuliza.

"Mzee, hiyo balbu huwa unaichomekaje?"

Nikachukua waya mbili za balbu nikamwonyesha hewani. Naziingiza tunduni, nasukuma mpaka zigote.

"Unasukuma."

"Nasukuma, zishike."

Akatazama barabarani. Halafu akatoa kwenye mfuko wake plagi nyeupe ya aina ile ile, kuukuu, akanionyesha. Pini ya shaba ina kikucha chembamba kinachoishikilia ndani ya plastiki. Kikucha kikilala, pini inarudi nyuma pamoja na waya wake. Ukitazama kwa nje plagi iko kamili, inaingia, inakaza. Lakini ndani pini ya chaja haiifikii ya betri. Waya wangu wa balbu ulikuwa mrefu, ukaifuata huko huko nyuma ilikokimbilia, ndiyo maana balbu iliwaka. Na kila nilipopima niliisukuma zaidi.

"Angalau moja ilikuwa imelegea tangu mwanzo," akasema, nafikiri kwa kunistahi. "Marehemu alilalamika. Mzee umemalizia."

Dawa yake si kubwa. Kitu chembamba kama sindano, unakiinua kile kikucha, kisha unausukuma waya kutoka nyuma mpaka pini irudi mahali pake ilie ka. Nikaingia nikajaribu. Macho yangu hayaoni ndani ya tundu. Dada yangu akajaribu, akajichoma. Mkamwana akaweka kofia chini.

"Nipe," akasema. "Anasemaje?"

Nikasimama katikati ya korido. Msambaa akasema barazani, mimi nikarudia ndani. Sindano iingie upande wa juu wa pini. Asitumie nguvu. Ile plagi isiguswe na chaja kwanza. Baadaye akaona mimi nachelewesha, akapaza sauti ili isikike chumbani moja kwa moja, na dada yangu akamwambia, "Msambaa, teremsha, hapa hatununui." Akateremsha. Mkamwana aliiinamia ile plagi kama anavyoinamia kofia zake, sindano imekaa vidoleni. Nikasikia ka. Baadaye ka nyingine.

"Zimelia," nikasema kwa nje.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Sasa avute waya kidogo. Zikikaa, chomekeni."

Akavuta, zikakaa. Nikachomeka chaja ukutani. Kijani. Mkamwana mwenyewe akaunganisha, na taa ikageuka nyekundu.

Nilitoka nikamwambia Msambaa, akaitikia kwa kichwa, akaomba maji. Tukakaa barazani kusubiri betri ijae. Akanieleza kwamba ikitoka kwenye gari inakuwa ya moto, isichajiwe mpaka ipoe, la sivyo inavimba. Akanieleza na mengine kuhusu vigae, vile vinavyoteleza. Nilimsikiliza vizuri. Nadhani sikuwahi kumsikiliza mtu vizuri kama siku ile, na sikuyashika hata moja.

Baada ya alasiri taa ikarudi kijani. Mkamwana akalitoa gari chini ya kitanda, akalifuta kwa pindo la kanga, akaliweka chini uani. Akanipa rimoti. Yeye akakaa kwenye mlango wa jiko, uso umeelekea ukutani, si kwenye gari.

Nikabonyeza. Likaruka mbele likagonga ndoo. Nikalirudisha. Likaanza kuzunguka karo, likapita chini ya kamba, likilia ile sauti yake ya nyuki. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema moyoni labda hapa ndipo patakapopasuka, na nikangoja pale pale nikiwa na rimoti mkononi. Hakuna. Niliona tu kwamba tairi moja imekwaruzika. Kutoka barazani nikamsikia Msambaa akipenga kamasi, akipenga tena, na nilimwonea wivu kidogo.

"Sivyo," mkamwana akasema, bado ametazama ukuta.

Nikauliza sivyo nini.

"Hapo kwenye karo alikuwa anapunguza. Halafu akishapita anaongeza."

Nikapunguza, lakini mapema mno, likakaribia kusimama. Akasema hapana, baba, mbele kidogo. Nikajaribu tena. Akasema karibu. Dada yangu akaacha kuchambua mchele. Nikazunguka sijui mara ngapi, yeye akisema mbele, nyuma, sasa ongeza, mpaka mara moja likaipita karo likiteremsha sauti na kupandisha, na yeye hakusema kitu. Nikalipitisha hivyo hivyo tena, na tena, naye kimya, kichwa amekiegemeza kwenye mwimo wa mlango.

Kisha sauti ikaanza kudhoofika, likajikokota mpaka chini ya kamba, likasimama. Nikainama nikaichomoa betri. Ilikuwa ya moto kweli. Nikaiweka kwenye saruji kivulini, nikamweleza aliyoyasema Msambaa, kwamba haichajiwi ikiwa hivi.

Akageuka, akaitazama pale chini.

"Itapoa saa ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akavuta kibao cha mbuzi akakaa karibu nayo, na kila baada ya muda akawa anaigusa kwa mgongo wa mkono.