Afisa wa Maji wa Rhonda

Namalwa, aliyeuza maji kwa mitungi pale Rhonda, alimjua afisa wa maji kwa mikono yake. Kabla ya kujaza chupa ya kupimia, yule mama aliunguza mdomo wa mfereji kwa kiberiti, akaacha maji yamwagike kidogo, kisha akakinga bila kidole kugusa shingo ya chupa. Hakupandisha sauti hata siku alipofunga kisima cha Muiruri, mwenye ploti, kwa sababu floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno ya watoto, ilikuwa imepita kiwango cha sheria.

“Madam, haya maji hayana rangi wala harufu!” Muiruri alifoka. “Unataka watu wakufe kiu?”

Afisa alifungua mdomo, akamwonyesha meno ya kahawia yaliyomeguka. “Yaliyonifanya hivi pia hayakuwa na rangi, mzee. Weka chujio.”

Wiki zote alizokaa bila kazi kwa kukosa maji ya kisima hicho, Namalwa alimlaani afisa kimoyomoyo. Lakini Muiruri, baada ya kuzunguka maofisini bila kupata wa kumtetea, aliweka chujio. Maji yakapimwa tena, yakakutwa salama.

Asubuhi hiyo afisa alibandua ilani ya kufunga kisima kwa mikono yake, akajaza kikombe, akanywa chote mbele ya foleni nzima. Vigelegele vikapasua ploti. Namalwa akakipokea kikombe kile kile, akakijaza, akakipeleka kwenye midomo ya binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno.

“Kunywa, mama,” akamwambia. “Kunywa ushibe.”