Ndama waliofichwa wasionwe na Leonia

Saa tatu asubuhi, katika kijiji kimoja jirani na Mwazye, Leonia Nestory ameketi kwenye kigoda, kisigino cha mtoto kikiwa kiganjani mwake. Hakichomi sindano bado. Anakipasha joto kwanza kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, maana kwa baridi ya nyanda hizi za juu za Ufipa damu ya mtoto ina kiburi, haitoki upesi.

"Ukiwa na haraka utamchoma mara mbili," anasema. "Na mama yake atakukumbuka kwa hilo tu."

Mtoto huyo ni Yonas, mwenye miezi saba. Mashavu yake na mikunjo ya viwiko bado ina alama za pumu ya ngozi, ingawa tangu zahanati iwape dawa ya kupaka, hajikuni tena mpaka akalia. Debora, mama yake, amemshikilia mapajani huku akitabasamu.

Leonia, mwenye miaka 46, mkazi wa Kizwite, hukusanya taarifa za utafiti unaofuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka miwili. Watafiti wanataka kujua kwa nini mtoto huyu anapata pumu ya ngozi na wa jirani hapati: labda ni moshi wa kuni, chakula cha mama, au mifugo anayolala karibu nayo. Tone la damu huenda maabara kupimwa viashiria vya kinga, yaani dalili za kitu ambacho mwili wa mtoto unapambana nacho.

Damu hiyo husomwa pamoja na majibu ya mama, na hapo ndipo Leonia alipokwama mwaka jana.

Fomu iliuliza kama mtoto analala nyumba moja na mifugo. Nyumba 140 zilijibu hapana, hata za wafugaji waliohamia kutoka upande wa Geita na ng'ombe wao.

"Nilicheka," anasema. "Halafu nikakumbuka kwamba mwalimu wao ni mimi."

Kabla ya utafiti huu, Leonia alikuwa mhudumu wa afya ya jamii kwa miaka tisa. Alipita nyumba hizohizo akiwataka watoe ndama na mbuzi ndani, na hakuwa mpole. Akina mama walilielewa somo vizuri mno. Pikipiki yake ikisikika tu, ndama anatolewa kwa mlango wa nyuma.

Debora hafichi. "Wa kwetu nilimfungia jikoni kwa jirani. Nilijua mama Leonia akimwona, tutasemwa mbele ya watu."

Leonia aliumia. "Watoto wote wale wamechomwa, wamelia, halafu karatasi zina uongo. Damu yao ingekuwa ya bure. Niliona aibu sana."

Alimweleza msimamizi wake, Adriano, akaomba arudi nyumba zote. Akapewa wiki sita.

Safari hii fomu ilibaki kwenye begi. Alikaa, akapepeta ulezi na wenyeji, akambeba mtoto, kisha akauliza jambo moja: "Baridi hii, ndama wenu mdogo analala wapi?"

"Nikamwambia ndani, nje si atakufa?" anasema Debora. "Likanitoka hivyohivyo." Mumewe, Ngeleja, akaongeza kwamba na mbuzi wawili wamo.

Nyumba 97 zilibadilisha jibu. Sasa fomu inauliza kama Leonia alivyouliza, na fahari yake haifichiki: mwandishi wa makala haya aliisikia habari hiyo mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Je, ndama anamlinda mtoto au anamdhuru? Leonia hasemi, kwa sababu hajui. Matokeo yatasubiri hadi watoto wote wafikishe miaka miwili. Ameshaomba ayapeleke yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa Kifipa na kwa Kiswahili.

"Zamani niliwaambia watoe ndama kwa sababu niliambiwa niseme hivyo," anasema. "Mara hii nitawaambia tulichokiona, hata kama itabidi niombe radhi."

Anachoma. Tone linatoka mara moja, Yonas analia kidogo, anapewa ziwa, anatulia. Leonia anafunga kiboksi chake cha barafu na kuinuka.

Mlangoni amesimama ndama wa wiki mbili, amemzibia njia. Debora anamwona, na anaendelea kunyonyesha.